Jiwe la Bonaventura

Siku ya thelathini na moja tangu Bonaventura Likwata azikwe, jiwe lake lilimgeuka mbele za watu.

Lilikuwa jiwe la matumbawe, refu kama mtoto mchanga, lenye herufi B.L. zilizochongwa kwa patasi ubavuni. Wakulima wa korosho wa kando ya Nangurukuru walilijua kuliko walivyomjua diwani wao. Bonaventura alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, na mwaka 1984 alilipima kwenye mizani yenye lakiri ya serikali, likatoa kilo ishirini kamili. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, kila mmoja alikuja na mizani yake ya kuning'iniza, na hakuna ofisa aliyeonekana kuja kuikagua. Basi jiwe likawa ndilo serikali. Kila msimu ulipofunguliwa Bonaventura alilifunga kwenye baiskeli, akalipeleka bandani kwa mnunuzi na kulitundika. Likisoma ishirini, watu waliuza. Likisoma pungufu, waligeuza magunia yao wakarudi nayo nyumbani.

Oktoba iliyopita lilisoma kumi na tisa kwenye mizani ya Hussen, wakala wa kampuni moja ya mjini. Bonaventura akawaambia watu wasiuze, wangoje mnunuzi mwingine. Wakangoja. Mnunuzi mwingine hakuja, ilikuja mvua. Korosho zikalowa ndani ya vibanda, zikaota ukungu, na mwisho wa Novemba Bonaventura mwenyewe akashikwa na homa, akafa siku ya nne.

Bi Tawakali, mjane wa Kimatumbi aliyekuwa jirani yao, ndiye aliyekuja kuliazima jiwe baada ya mazishi. Alikuwa amebakiwa na magunia mawili ambayo hayakuoza na alitaka kuuza, lakini kwanza apime, kama marehemu alivyowazoesha. Rosalia, mke wa marehemu, hakutoka, kwa kuwa alikuwa bado ndani ya eda yake ya desturi, shuka nyeusi mwilini. Alibaki kizingitini akilitazama jiwe likiondoka juu ya baiskeli ya mtu mwingine.

Lilirudi saa sita mchana. Bi Tawakali alilishusha kwa kulibwaga, likachimba shimo uani.

"Ishirini," alisema.

Rosalia alidhani ni habari njema. Akauliza kama Hussen kabadilisha mizani.

"Mizani ni ileile, na ule uzi mwekundu aliouzungusha Hussen kwenye kulabu bado upo. Kilichobadilika ni kwamba mumeo hakuwepo kutusomea." Bi Tawakali alijifunga upya leso yake kichwani. "Magunia yangu matatu yameoza, Rosalia. Nilikuwa namwamini kuliko kaka yangu wa tumbo moja."

Akaondoka bila kuaga. Kabla ya magharibi habari ilikwishafika kwenye vibanda vya chai vya njia panda, na huko ilipata miguu mingine. Wapo waliosema Bonaventura alilipwa na mnunuzi wa Lindi ili amkwamishe Hussen. Wengine wakasema alikuwa na mawe mawili. Hussen mwenyewe, kwa ustaarabu ambao Rosalia aliuona mbaya kuliko tusi, aliwaambia watu kwamba yeye hana kinyongo, marehemu ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

*

Jambo lililomuuma Rosalia ni kwamba hakuweza kukanusha kwa moyo mmoja.

Juu ya nyumba yao kulikuwa na mabati sita mapya. Yalishushwa mwezi wa tisa kutoka kwenye lori la chumvi, na alipomuuliza mumewe yametoka wapi, Bonaventura alijibu kwamba bati ni bati, mvua haiulizi. Ndivyo alivyokuwa. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mtu wa kutoa amri bila kutoa sababu. Viatu visiingizwe ndani. Taa isiwashwe kabla ya sala. Na jiwe lile likae juu ya uchaga, palepale juu ya moto, ingawa masizi yake yalimdondokea Rosalia kwenye sufuria ya ugali na ingawa waligombana kwa ajili yake karibu kila mwezi. Akimwambia alitoe, alijibu, "Hapo ndipo pake," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa akilala akiyasikia yale mabati yakipigwa na mvua, alijiuliza ameezekewa na nani.

Siku iliyofuata akaja Tomaso, katekista. Alikuwa ameandaa wasifu wa marehemu, utakaosomwa siku ya arobaini, na alikuwa na ushauri. Kazi ya ushirika irukwe. Ilitosha kusema kwamba marehemu alizaliwa uwanda wa Makonde, akahamia Kilwa, akaoa, akalima, akafariki katika imani.

"Ulivyoandika hivyo ni mtu yeyote," Rosalia alimwambia.

"Ndiyo usalama wake, mama. Hatutaki minong'ono mbele ya padri."

Rosalia alimtazama akiikunja ile karatasi. Maisha mazima ya mumewe yalikuwa yameenea upande mmoja, na nafasi ikabaki.

*

Erasmo na mama yake Bertha waliwasili kutoka Lindi siku moja baadaye. Bertha alikuwa dada yake Bonaventura. Erasmo, mwanawe, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi, kijana mrefu asiyecheka hovyo, aliyelelewa nyumbani humu miaka minne alipokuwa shule ya msingi. Kwao mpwa ndiye mrithi wa mjomba. Siku ya arobaini, tanga linapoondolewa, husimamishwa mbele ya watu, akaitwa kwa jina la marehemu, na kuanzia hapo jina huwa lake, na mikorosho huwa chini ya mkono wake. Jina lisipochukuliwa, halitajwi tena katika ukoo. Watoto watakaozaliwa hawapewi jina hilo. Huachwa kaburini na mwenyewe.

Rosalia aliwapikia, akawaandalia maji ya kuoga, akawasubiri waseme. Erasmo alikula matonge matatu akanawa.

"Mama," alimwambia Rosalia, "tumeshuka njia panda, tukanywa chai. Mwuza chai aliponiuliza mimi ni wa nani nikamtajia mjomba, watu wawili wakahamisha vikombe vyao."

Rosalia akasema watu wana maneno.

"Mimi nimekuja kuchukua jina. Lakini jina la mtu aliyeozesha korosho za wajane sitalibeba. Nitalia naye, nitamwombea, jina hapana."

Kilichofuata hakikuwa ugomvi. Kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu wote watatu waliongea taratibu. Bertha alitaka kujua tangu mazishi jiwe lilikuwa mikononi mwa nani. Alisema kaka yake hakuwa mwongo, kwa hiyo kama jiwe limebadilika yupo aliyelibadilisha, na mwenye nyumba anajulikana. Rosalia akamjibu kwamba wiki ya msiba walilala humu watu arobaini, ukoo mzima wa marehemu ukiwemo, na kama ni kuulizana basi waulizane wote. Kisha akakumbuka kwamba siku ya tatu Hussen alileta gunia la mchele na sukari, akakaa uani saa nzima peke yake huku wanaume wakiwa makaburini. Akalisema hilo pia. Bertha akauliza mchele huo ulipikwa au ulirudishwa. Ulipikwa. Wote waliula.

Erasmo alitoka uani akalichunguza jiwe kwa vidole, herufi kwa herufi. Aliporudi alisema ni lenyewe. Patasi ya mjomba iliteleza kwenye mguu wa L, na ule mkwaruzo bado upo.

Basi kama jiwe ni lenyewe na mizani ni ileile, mwongo alibaki mmoja, naye alikuwa makaburini.

*

Asubuhi Rosalia aliliingiza jiwe jikoni ili lisiendelee kutazamwa na wapita njia. Lilikuwa zito, akalisukuma kwa magoti hadi kando ya mafiga, akawasha moto, akaenda kutwanga. Aliporudi alikuta sakafu imelowa.

Akatazama juu, paa halikuvuja. Akatazama mtungi, ulikuwa mzima. Jiwe ndilo lililokuwa likitoa jasho. Upande uliotazama moto ulikuwa mweupe na mkavu, upande wa pili ulichuruzika, na kutoka kwenye vitundu vyake vidogo, vile vya matumbawe, ulitoka mvuke mwembamba.

Rosalia alikaa chini palepale kwenye maji.

Siku ya mazishi upepo ulitaka kuchukua turubai. Mtu mmoja, hakukumbuka nani, aliomba kitu kizito, na yeye mwenyewe kwa kinywa chake aliwaambia wachukue lile jiwe la jikoni. Alikumbuka hata alivyofurahi, Mungu amsamehe, kwamba hatimaye masizi yataondoka juu ya sufuria yake. Mwezi mzima jiwe lilikaa kwenye ncha ya turubai, mahali maji yote yanapochuruzikia. Mwezi mzima lilikunywa.

Alitaka kukimbia akawaite. Akajizuia. Bertha angesema mjane katunga. Hussen angecheka kwa ustaarabu wake. Na Bi Tawakali, je, angeambiwaje kwamba aliyemfanya adhani vibaya ni mvua? Kisha likaja wazo lililomchoma: wanamwona mwongo kwa sababu mimi nililitoa. Alisema hapo ndipo pake, na mimi nikalitoa.

Hakumwambia mtu. Aliomba msaada wa Erasmo kulirudisha juu ya uchaga, akamwambia tu kwamba ndipo lilipozoea kukaa, akaweka chini yake moto wa magogo usiozimika. Alilala jikoni. Hakuruhusu mtu mwingine apike.

Siku ya tatu Bertha alishindwa kuvumilia. Alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba wifi yake anabanika jiwe, na kwamba huko uwandani mwanamke anayebanika jiwe la marehemu huulizwa maswali na wazee. Erasmo alikwenda akasimama mlangoni mwa jiko, moshi ukamliza.

"Unafanya nini, Mama?"

"Naota moto."

"Usiku na mchana?"

"Nimefiwa, mwanangu. Naona baridi."

Alimtazama kwa macho ya mtu anayetaka kuamini na anayeogopa kuchekwa. Kisha akaenda kutafuta magogo mengine, akayatupa mlangoni.

*

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Waliompenda walikuja, waliomchukia walikuja kuona kama watu wengine watakuja, na Hussen alikuja na gunia jingine la mchele begani mwa kibarua wake wa banda, akaliweka mahali ambapo kila mtu angeliona. Padri alipomaliza misa, Tomaso alisoma wasifu. Ulikwisha kabla watoto hawajaanza kuchoka. Alizaliwa, akahamia, akaoa, akalima, akafariki.

Tomaso alipokuwa anaikunja karatasi, Rosalia alisimama. Mjane hasimami siku ile mpaka avuliwe nguo nyeusi, na watu walishusha macho kwa haya.

"Kazi yake haikusomwa," alisema. "Alikuwa mtu wa mizani. Hussen, mwanangu, ninakuomba mizani yako."

Hussen aliinuka, akamwamkia shikamoo mama kwa adabu, akasema mizani yake haina siri, jiwe lilikwishapimwa na Bi Tawakali ni shahidi, sasa kufukua mambo siku ya sala kuna faida gani. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wakimtazama, na mtu asiye na siri hawezi kukataa. Mizani ikaletwa kutoka bandani, ikatundikwa kwenye boriti ya kibaraza. Erasmo akalileta jiwe, jeusi tii, akalifunga kwenye kulabu.

Mshale ulitetemeka, ukatulia. Bi Tawakali, ambaye hakujua kusoma lakini alijua mizani, alisogea mbele ya wote.

"Kumi na tisa," alisema.

Hussen alitabasamu. Akauliza ni nani aliyelichonga. Wiki iliyopita ishirini, leo kumi na tisa, na katikati jiwe lilikuwa limefungiwa jikoni na mwenye uchungu. Yapo mawe yanayopungua yenyewe? Watu walicheka kidogo, na Rosalia akauona uso wa Erasmo ukifunga kama mlango.

Rosalia hakubishana. Aliomba pipa la maji ya mvua lisogezwe, akaomba jiwe litumbukizwe, akawaambia watu wale chakula.

Walikula wakitazama pipa. Mapovu yalianza kupanda, kwanza moja moja, kisha kama sufuria inayotaka kuchemka. Masizi yalielea juu. Hakuna aliyeongea habari nyingine. Sinia zilipoondolewa Erasmo alilitoa jiwe akalitundika tena, maji yakimchuruzikia mikononi, kwenye mizani ileile yenye uzi mwekundu.

Ishirini.

"Mlilipima limekunywa mvua ya mwezi mzima," Rosalia alisema. "Nililiweka mimi kwenye turubai. Kosa ni langu. Yeye alilitunza juu ya moto miaka yote, na mimi nikamgombeza kwa masizi."

Minong'ono iliinuka, na Hussen, ambaye hakuwa mjinga, aliingoja ishuke. Kisha akasema vizuri, tumejifunza kwamba jiwe hili hulewa. Sasa nani anajua lipi ndilo ishirini? Pengine marehemu alilipima ushirika likiwa limelewa, na jiwe kavu ndilo pungufu. Yeye ni mfanyabiashara tu, anauliza.

Lilikuwa swali la haki. Rosalia alitazama pipa. Alihisi umati ukimhama, polepole, kama mtu anayesogeza kikombe chake.

"Lilikuwa kavu," Erasmo alisema.

Alikuwa amelishusha jiwe, amelikumbatia. Alisema yeye ndiye aliyelibeba siku ile lilipopimwa ushirika, akiwa darasa la nne, mjomba akiendesha baiskeli na yeye amekaa nyuma, jiwe mapajani, limetolewa moja kwa moja juu ya uchaga alikolikausha mjomba. Alikuwa amevaa shati la shule, jeupe, la pekee alilokuwa nalo. Masizi yalimpaka kuanzia kifuani hadi kiunoni.

"Mwaka ule sabuni haikuonekana madukani," alisema, na wakubwa wote wakatikisa vichwa kwa sababu hakuna aliyeusahau mwaka ule. "Mwalimu alinifukuza siku mbili. Mama huyu alilifua lile shati kwa majivu na majani ya mpapai mpaka vidole vikamtoka ngozi. Jiwe lililolowa halipaki masizi namna ile. Muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Rosalia alikuwa ameficha uso kwenye shuka yake nyeusi. Alikuwa amelisahau shati lile kabisa. Vidole ndivyo vilivyokumbuka.

Hussen alichukua mizani yake. Alipokuwa anaitia kwenye gunia alisema, kama anayejisemea, kwamba basi na mabati yale sita nayo yapimwe, tujue yalitoka wapi.

Lilikuwa swali la Rosalia mwenyewe, limetoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Ni yangu," Erasmo alisema. "Niliyanunua kwa jasho la chumvi nikayapakia lori. Mjomba aliona aibu. Kwetu mjomba ndiye humpa mpwa, mpwa hampi mjomba. Aliniapisha nisimwambie hata mkewe. Sasa umenifanya nimvue nguo mbele za watu, Hussen. Umeridhika?"

Hata Bertha alikuwa hajui.

*

Hussen hakufukuzwa. Kesho yake banda lake lilifunguliwa kama kawaida, na watu walipanga foleni, kwa sababu mvua ilikuwa haijaisha na mnunuzi alikuwa yeye peke yake. Lakini Bi Tawakali alisimama mbele ya foleni na magunia yake mawili, ambayo siku ile ya kupima alikuwa hakuyauza kwa hasira, akasema kwa kila kumi na tisa Hussen atasoma ishirini, la sivyo yeye ataketi chini ya mizani mpaka jioni. Akaketi. Saa tano hivi Hussen akasoma ishirini. Wapo walioendelea kusema kwamba mambo ya jiwe na maji ni ujanja wa wasomi wa ushirika. Watasema mpaka kufa.

Jioni ile ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika, Bi Tawakali alibaki uani akiokota majani ya migomba yaliyotumika kuandalia chakula, kazi ambayo hakuombwa. Rosalia alimwacha aokote yote. Walipokutana kwenye jaa, Bi Tawakali alisema magunia yake matatu yameoza hata hivyo.

"Najua," Rosalia alisema.

"Basi. Nilitaka ujue."

Erasmo alikuwa amekwishaitwa jina. Wazee walimsimamisha, wakamuuliza mara tatu kama analitaka, naye mara zote tatu akajibu bila kutazama chini. Sasa alikuwa jikoni, amepanda kigoda, akilirudisha jiwe juu ya uchaga ili likauke. Shati lake jeupe la arobaini, jipya, lilikuwa bado limepakwa masizi, tangu alipolibeba jiwe likiwa kavu, kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Rosalia alisimama mlangoni. Siku nzima hakuwa amelitamka lile jina.

"Bonaventura," alisema. "Vua nikufulie. Sabuni sasa ziko tele dukani."

Kijana alijitazama. Akapitisha kiganja juu ya doa, likazidi kuenea.

"Hili usilifue, Mama," alisema. "Watakuja kuuliza tena."